Dua ya baada ya swala ya alfajiri: maombi matatu, na hakuna ombi la wingi

Pengine ujumbe huu umeshakufikia kwenye simu: "Isome dua hii mara 21 baada ya alfajiri, usiseme na mtu, na kabla ya adhuhuri utaona maajabu ya riziki. Watumie watu kumi." Chini yake dua fupi kwa herufi za Kiarabu, na chini yake tena kwa herufi za Kilatini zenye makosa mawili matatu. Dua yenyewe ni ya kweli. Hiyo 21, hayo maajabu ya kabla ya adhuhuri na hao watu kumi, vyote vimebandikwa tu na watu wa baadaye.

Dua inasema hivi:

Allaahumma innii as'aluka 'ilman naafi'an, wa rizqan twayyiban, wa 'amalan mutaqabbalan.

Maana yake: Ewe Mwenyezi Mungu, hakika mimi nakuomba elimu yenye manufaa, na riziki iliyo njema, na amali yenye kukubaliwa.

Nimeanza na ujumbe wa simu kwa sababu umebeba karibu kila tatizo linaloizunguka dua hii: idadi, wakati wake, matamshi yake, na zaidi ya yote, ni kitu gani hasa mtu anaomba anapoisoma. Wengi wanaipokea kama dua ya kufungua riziki. Ukiitazama neno kwa neno utakuta riziki imo katikati, imebanwa na ombi jingine huku na jingine kule, na sifa iliyopewa hailingani na ile tuliyokuwa tukiitamani.

Aliyeisikia na kutupokelea

Mpokezi wake ni Ummu Salama (R.A.), mke wa Mtume (S.A.W.). Jina lake ni Hind bint Abi Umayya, wa ukoo wa Makhzum katika Makureshi. Alihajiri Uhabeshi na mume wake wa kwanza, Abu Salama, kisha akahajiri Madina. Abu Salama akafariki mwaka wa 4 Hijria kwa jeraha la vita vya Uhud. Mtume (S.A.W.) alikuwa amekwisha kuwafundisha Waislamu neno la kusema wafikwapo na msiba, kumwomba Mwenyezi Mungu malipo ya msiba huo na badali iliyo bora kuliko kilichopotea. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, Ummu Salama anasimulia bila kuficha kwamba alijiuliza: ni Mwislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama? Hata hivyo akaisema dua kama alivyofundishwa. Badali aliyopewa ni Mtume mwenyewe (S.A.W.).

Kwa hiyo huyu si mpokezi aliyesikia dua kwa mbali akaihifadhi. Ni mtu aliyewahi kuomba huku akili yake haioni jibu litatokea wapi.

Alichokisema kuhusu alfajiri ni kifupi mno. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiswali swala ya asubuhi, anapotoa salamu husema maneno hayo. Basi. Katika Kiarabu chake ametumia muundo unaoonyesha mazoea, "alikuwa akisema", si "alisema siku moja". Lakini hakutaja mara ngapi, wala hakutaja kwamba mwenye kuisoma atapata hiki au atakingwa na kile.

Hili la idadi lisipitwe haraka, kwa sababu nyiradi nyingine, yaani dhikri na dua, za baada ya swala zina hesabu zake na hazifichi. Istighfari mara tatu baada ya kutoa salamu, kama alivyopokea Thawban. Subhanallah, Alhamdulillah na Allahu Akbar, kila moja mara 33. Na katika hadithi ya Abu Dharr aliyoipokea Tirmidhi, baada ya alfajiri kuna "Laa ilaaha illallaahu wahdahu laa shariika lah" mpaka mwisho wake, mara kumi, mtu akiwa bado amekunja miguu vilevile alivyokaa katika Tahiyatu na kabla hajasema neno jingine. Na malipo yake yametajwa: mema kumi, kufutiwa maovu kumi, kunyanyuliwa daraja kumi. Pale Mtume alipohesabu, tunahesabu. Hapa hakuhesabu. Atakayeirudia mara tatu hana lawama, kwani Ibn Mas'ud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipoomba alikuwa akiomba mara tatu. Ila kusema "ni lazima 21" ni kumsemea Mtume asilolisema, na hilo si dogo.

Na wala tusidhani kwamba kikosacho hesabu ndefu kimepungukiwa uzito. Siku moja Mtume (S.A.W.) alitoka kwa mkewe Juwayriya (R.A.) baada ya swala ya asubuhi, akamwacha amekaa mahali pake pa kuswalia. Akarudi jua limeshapanda, naye yupo palepale. Akamuuliza: bado uko katika hali niliyokuacha nayo? Akasema ndiyo. Akamwambia kwamba baada ya kuondoka kwake amesema maneno manne mara tatu, ambayo lau yangepimwa na yote aliyoyasema yeye tangu asubuhi, yangeyazidi uzito. Ni "Subhaanallaahi wa bihamdihi, 'adada khalqihi, wa ridhaa nafsihi, wa zinata 'arshihi, wa midaada kalimaatihi." Hadithi imo katika Muslim. Kikao kizima cha asubuhi upande mmoja, maneno yasiyofika dakika moja upande mwingine.

Inasomwa wapi hasa

Mchanganyiko mkubwa hapa ni kwamba asubuhi ina nyiradi za aina tatu, na vijitabu vya dua huzipanga pamoja hadi msomaji asijue mpaka uko wapi.

Aina ya kwanza ni zile za baada ya kila swala ya faradhi: istighfari, "Allaahumma antas-salaam", tasbihi, Ayatul Kursiyy. Hizi hazijui alfajiri wala isha. Aina ya pili ni zile zilizofungamanishwa na swala ya alfajiri yenyewe, na humo ndimo ilimo dua yetu pamoja na ile ya mara kumi. Aina ya tatu ni nyiradi za asubuhi, ambazo zinafuata saa wala hazifuati swala. "Allaahumma bika asbahnaa" ni ya kundi hili. Hata mtu asiyeswali kwa udhuru wake anaisoma, kwa sababu asubuhi imemkuta naye.

Kisha kuna kunuti. Nimewahi kuulizwa na mtu mzima kabisa kama dua ya baada ya alfajiri ndiyo hiyo "Allaahummah-dinii fiiman hadayt". Siyo. Kunuti, kwa wanaoisoma katika alfajiri kama ilivyo katika madhehebu ya Imamu Shafi, iko ndani ya swala, baada ya kuinuka kutoka rukuu ya rakaa ya pili. Dua hii iko nje ya swala, baada ya salamu. Ibn Majah, aliyeipokea katika mkusanyo wake, ameiweka katika mlango wa yanayosemwa baada ya kutoa salamu, na mlango huohuo una "Allaahumma antas-salaam". Mpangilio wake unatosha kutuonyesha alivyoielewa.

Ama ianze ipi kati ya nyiradi za baada ya salamu, sioni sababu ya watu kugombana. Wengi huanza na istighfari tatu kwa kuwa imepokewa kwamba ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyoanza, wakamaliza tasbihi, halafu wakaomba. Ukimtaja Mwenyezi Mungu kwanza na kumswalia Mtume ndipo ukaomba, umekaa katika adabu ya dua.

Mpokezi asiye na jina

Msomaji makini atauliza kuhusu daraja ya hadithi, na ana haki. Imepokewa na Ahmad na Ibn Majah kutoka kwa Musa bin Abi Aisha, kutoka kwa mtumwa aliyeachwa huru na Ummu Salama, kutoka kwa Ummu Salama. Tatizo liko kwa huyo wa katikati: hakutajwa jina. Busiri, aliyefariki mwaka wa 840 Hijria na ambaye alizichambua hadithi ambazo Ibn Majah amezipokea pekee kati ya vile vitabu sita mashuhuri vya hadithi, alisema wapokezi wake ni waaminifu isipokuwa huyo asiyejulikana ni nani.

Kwa kanuni za fani hii, asiyejulikana hahukumiwi kuwa mwongo. Inasemwa tu kwamba hatuna cha kumpimia. Ndiyo maana wanazuoni wametofautiana. Wapo waliosimama kwenye dosari hiyo wakaiita sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, kuwa dhaifu. Wapo walioiangalia pamoja na njia nyingine na mashahidi wake, yaani hadithi nyingine zinazoiunga mkono, wakaipandisha, na katika wa karne iliyopita Albani aliihesabu kuwa ni sahihi. Wote hao hawabishani juu ya maana, kwa sababu kila ombi kati ya haya matatu lina mizizi katika Qur'ani na katika hadithi zisizo na shaka. Mwenye kuisoma anaomba jambo ambalo angeruhusiwa kuliomba hata kama hadithi hii isingekuwapo.

Elimu, na sifa yake

Sasa tuingie katika dua yenyewe. Kila ombi lina jina na sifa: elimu ni yenye manufaa, riziki ni njema, amali ni yenye kukubaliwa. Ondoa sifa hizo tatu uone kinachobaki: elimu, riziki, amali. Hayo kila mtu anayo kwa kiasi fulani, mwema na mwovu. Mchawi ana elimu. Mwizi ana riziki. Mnafiki ana amali, tena pengine nyingi na za kuonekana.

Qur'ani imetaja elimu inayodhuru waziwazi. Katika Surat al-Baqara, aya ya 102, katika habari za Babil na Haruti na Maruti, watu wanasemwa kwamba wakijifunza yanayowadhuru wala hayawanufaishi. Walikuwa wanafunzi kweli, wamekaa wakasoma wakafahamu. Na katika Surat al-Jumu'a, aya ya 5, waliopewa Taurati kisha wasiibebe kwa kuifanyia kazi wamefananishwa na punda aliyebeba vitabu. Vitabu ni vya haki, mgongo ndio umechoka bure.

Mfano ulio karibu zaidi uko mkononi mwetu. Mtu ametoa salamu, mkono wa kulia umeshika tasbihi, wa kushoto umeshagusa kioo cha simu. Kabla jua halijachomoza anajua nani amegombana na nani, nani ameachika, nani amefilisika. Amejua mengi. Mwambie akutajie moja litakalomsaidia leo, au litakalomsaidia mwingine kupitia kwake, uone atakavyohangaika. Na palepale, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, anayekumbuka kipimo cha dawa kwa uzito wa mtoto, ana elimu yenye manufaa hata kama hakumwita mtu yeyote amsikilize. Neno 'ilman katika dua limekuja bila alama ya kuliainisha. Halikufungwa kwa elimu ya dini peke yake, ingawa hiyo ndiyo ya mbele.

Kuna dua nyingine ya Mtume (S.A.W.), aliyoipokea Zayd bin Arqam na imo katika Muslim, ambayo mimi huiona kama dua yetu imepinduliwa nje ndani. Humo anajikinga na mambo manne: elimu isiyonufaisha, moyo usionyenyekea, nafsi isiyoshiba, na dua isiyoitikiwa. Ziweke ubavuni. Elimu yenye manufaa inakabiliana na elimu isiyonufaisha, hilo liko wazi. Riziki njema inakabiliana na nafsi isiyoshiba, maana asiyeshiba hawezi kuonja wema wa alichonacho. Amali yenye kukubaliwa inakabiliana na dua isiyoitikiwa. Unabaki moyo usionyenyekea, ambao hauna mwenzake kwa jina. Lakini moyo huo ndio umetoka kwenye sijida sasa hivi.

Riziki: neno lililogeuzwa

Hapa ndipo ujumbe wa simu ulipopotea njia. Dua haikusema riziki nyingi, wala kwa tamko lake lililo mashuhuri haikusema riziki pana. Imesema twayyib.

Riziki pana imo katika dua nyingine, ile iliyonasibishwa kwa Ibn Abbas (R.A.) alipokuwa akinywa maji ya Zamzam: "Allaahumma innii as'aluka 'ilman naafi'an, wa rizqan waasi'an, wa shifaa'an min kulli daa'." Elimu yenye manufaa, riziki pana, na ponya ya kila ugonjwa. Zinafanana mwanzo, ndiyo maana ndimi za watu huteleza kutoka hii hadi ile, na mtu akajikuta kila alfajiri anasoma nusu ya alfajiri na nusu ya Zamzam. Kuomba riziki pana si kosa hata kidogo. Ila inafaa kujua kwamba asubuhi, mtu anapokaribia kutoka kuitafuta riziki, neno alilofundishwa ni la usafi.

Twayyib ni zaidi ya halali. Katika Surat al-Baqara, aya ya 168, watu wameamrishwa wale vilivyomo ardhini "halaalan twayyiban", halali na vizuri, maneno mawili yameandamana. Halali ni hukumu ya kitu. Twayyib inaingia hadi katika hali yake, kiwe safi, kisidhuru, nafsi isikisute. Na riziki yenyewe katika Kiswahili chetu imebanwa ikawa pesa na chakula, ilhali usingizi mnono, mtoto mwenye adabu na rafiki wa kweli ni riziki vilevile.

Bukhari amepokea kisa cha Abu Bakr (R.A.) kinachoonyesha neno hili lilivyokaa mwilini mwa watu wale. Alikuwa na mtumwa aliyekuwa akimletea sehemu ya pato lake. Siku moja akaleta kitu, Abu Bakr akala. Mtumwa akamuuliza: unajua hiki ni nini? Akasema: ni nini? Akasema: zamani za ujahiliya nilimpigia mtu ramli, na wala siijui vizuri kazi hiyo, nilimdanganya tu, leo tumekutana akanilipa, na ndicho ulichokula. Abu Bakr akaingiza mkono kinywani akatapika kila kilichokuwamo tumboni. Alikuwa amekula bila kujua, hana dhambi. Bado hakutaka kikae ndani yake.

Na sababu tunaipata kwa Abu Hurayra (R.A.), katika hadithi ya Muslim. Mwenyezi Mungu ni mwema, twayyib, na hapokei ila kilicho twayyib. Kisha Mtume (S.A.W.) akamtaja mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele timtim, mwili vumbi tupu, ananyoosha mikono mbinguni: Ee Mola! Ee Mola! Na chakula chake haramu, kinywaji chake haramu, mavazi yake haramu, amelishwa haramu. Vipi ataitikiwa huyo? Tazama alivyokusanya kila kinachotarajiwa kuifungulia dua mlango: safari, unyonge, mikono iliyoinuliwa, kumwita Mola kwa jina lake. Vyote vimekwama kwenye tonge.

Ndani ya hadithi hiyohiyo Mtume alisoma aya ya 51 ya Surat al-Mu'minun, ambamo mitume wanaamrishwa: kuleni vilivyo vizuri na mtende mema. Chakula kwanza, amali baadaye. Ni mpangilio uleule wa dua ya alfajiri, twayyib na baada yake amali. Zipo riwaya zinazotanguliza amali kabla ya riziki, kwa hiyo sitaujengea mpangilio nyumba nzima. Lakini kwamba ombi la pili linalilisha la tatu, hilo hadithi ya msafiri imelimaliza.

Amali, na hofu ya waliotenda

Ombi la tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote, kwa sababu ya mahali lilipowekwa. Mtu ametoka kutenda amali sekunde chache zilizopita. Ameacha kitanda, ametia udhu kwa maji ya alfajiri, ameswali rakaa mbili. Angetarajiwa aombe malipo. Anaomba ikubaliwe.

Ibrahim na Ismail (A.S.) walifanya hivyo walipokuwa wakiinyanyua misingi ya Al-Kaaba: "Rabbanaa taqabbal minnaa", Mola wetu, tukubalie. Wanajenga nyumba waliyoamrishwa kuijenga, kwa mikono yao wenyewe, na bado hawakulichukulia kukubaliwa kuwa ni jambo lililokwisha. Kwa upande wa pili wako wana wawili wa Adam katika Surat al-Maida, aya ya 27: wote wawili walitoa dhabihu, mmoja akakubaliwa, mwingine hakukubaliwa. Kitendo kimefanana, hatima zimeachana.

Bibi Aisha (R.A.) aliwahi kumuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu aya ya 60 ya Surat al-Mu'minun, inayowataja watu wanaotoa walichotoa na nyoyo zao zinaogopa. Akauliza: je, hao ni wanaokunywa pombe na kuiba? Akamjibu: sivyo, ewe binti wa Siddiq, ni wale wanaofunga na kuswali na kutoa sadaka, na wanaogopa yasikubaliwe kwao. Swali lake ni la kila mmoja wetu. Tunadhani hofu ni ya mkosaji.

Fudhayl bin Iyadh, mmoja wa wacha Mungu wa zamani, alipoulizwa amali iliyo nzuri zaidi ni ipi, alijibu kwa mambo mawili: iwe safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na iwe sawa kwa kufuata sunna. Ikikosa moja haikubaliwi. Ukilirudisha jibu hilo kwenye dua, hiyo "sawa" haipatikani bila elimu, na hapo ombi la kwanza na la tatu yanashikana mikono juu ya kichwa cha lile la kati.

Herufi chache za kuchunga

Mswahili ana bahati na dua hii. Elimu ni 'ilm, manufaa yametoka shina moja na naafi', riziki ni rizq, amali ni 'amal, na "kubali" ni ndugu wa mutaqabbal. Karibu dua nzima ilishaingia katika lugha yake kabla hajaanza kuihifadhi. Bahati hiyo ndiyo inayomponza pia, kwa sababu anayatamka maneno ya Kiarabu kwa koo la Kiswahili.

'Ayn imo mara tatu: mwanzo wa 'ilman, mwisho wa naafi'an, mwanzo wa 'amalan. Ya tatu ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ukiitamka kwa alifu ya kawaida, "amalan", katika Kiarabu umesema tumaini, na dua yako ikawa ya kuomba tumaini lililokubaliwa badala ya amali. Neno la mwisho nalo lina mtego. Ni mutaqabbalan, kwa fataha (irabu ya "a") juu ya "ba" iliyoshadidiwa: chenye kukubaliwa. Ukisema mutaqabbilan, kwa kasra (irabu ya "i"), umesema mwenye kukubali. Mimi nilisoma hivyo kwa miaka, kwa ufasaha kabisa na kwa sauti nzuri, hadi mwalimu aliponisimamisha katikati ya dua akaniuliza: huyo anayekubali ni amali au ni Mola?

Herufi za Kilatini haziwezi kuyabeba haya. Tafuta mtu mwenye ulimi uliofundishwa umsikilize mara tano, kisha yeye akusikilize wewe. Mwenyezi Mungu anajua makusudio ya mja, na asiyeweza hakalifishwi. Anayeweza kujifunza ndiye asiyekuwa na udhuru wa kubaki palepale.

Maswali yanayorudi kila mara

Kuisoma kwa sauti na watu waitikie amin? Imamu Shafi alichagua kwamba imamu na maamuma wamtaje Mwenyezi Mungu kwa siri baada ya swala, isipokuwa imamu anayetaka kuwafundisha watu. Huyo anyanyue sauti mpaka aone wamejua, kisha aishushe. Ni jibu la mwalimu, na linatosha. Imamu anayewaombea wote kwa pamoja huigeuza iwe ya wengi, "innaa nas'aluka", tunakuomba.

Aliyepitiwa na usingizi akaamka jua limetoka ataswali pale anapoamka, na baada ya salamu ataisoma. Mwanamke aliye katika hedhi haswali, lakini dua hajazuiwa. Anaweza kuomba maneno haya asubuhi, kwa kuwa ni dua tu, si aya ya Qur'ani. Asiyejua Kiarabu aombe kwa Kiswahili baada ya salamu huku akiendelea kujifunza.

Na anayetoka mbio? Kazi zina saa zake, wagonjwa wana saa zao. Jabir bin Samura amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) akishaswali alfajiri alikuwa akikaa mahali pake pa kuswalia mpaka jua lichomoze, na mwenye nafasi aige hilo. Asiye na nafasi anahitaji muda wa pumzi tatu. Mtume mwenyewe aliwaombea wanaowahi: "Ewe Mwenyezi Mungu, ubarikie umma wangu katika asubuhi zao za mapema." Aliyeipokea hadithi hiyo ni Sakhr al-Ghamidi, naye alikuwa mfanyabiashara. Tirmidhi na Abu Dawud wameandika habari yake mwishoni mwa hadithi: bidhaa zake alikuwa akizituma mwanzo wa siku, akatajirika, na mali yake ikawa nyingi.